Cheti Kimekwisha Kutolewa: Ni Nani Anayetazama Sasa?



Neno "ushirikishwaji" limekuwa kiungo cha lazima katika kila hotuba ya maendeleo. Mradi mkubwa, uwe mgodi, bwawa, bomba la mafuta au kiwanda, hauwezi kuanza kihalali pasipo Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na tathmini hiyo haikamiliki pasipo wananchi kuulizwa maoni yao. Ndivyo isemavyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na Kanuni zake za mwaka 2005. Hatuna ugomvi na sheria hiyo. Ugomvi wetu ni juu ya yale yanayofuata, pale cheti kinapokuwa kimekwisha kutolewa, mitambo imekwisha kuingia, na mwananchi yule yule aliyeombwa maoni anageuka kuwa mpita njia katika ardhi aliyoizoea tangu utoto.

Tunadai jambo moja. Watu wanaoishi kando ya mradi wawe na nafasi ya kudumu, inayotambuliwa kwa maandishi, katika kupima kama ahadi zilizoandikwa ndani ya tathmini zinatimizwa. Hatuzungumzii kualikwa kwa hisani siku ya mgeni rasmi. Tunazungumzia kuwapo mtoni wakati sampuli ya maji inachotwa, kuishika chupa, kuitia alama, na kisha kusomewa majibu yake kwa lugha inayoeleweka.

Kila aliyeishi karibu na mradi anaujua ule mkutano wa kwanza. Gari linafika, mshauri mwelekezi anashuka na picha zake za ukutani, mwenyekiti anawatuliza watu. Wananchi wanauliza juu ya ajira na fidia, nao wana haki ya kuuliza hivyo, kwa kuwa mtu mwenye njaa huuliza kwanza habari za chakula. Kisha karatasi ya mahudhurio inazungushwa. Majina na sahihi hizo huambatanishwa mwishoni mwa taarifa. Sahihi iliyowekwa ili kupokea soda na posho ya kikao husomwa mjini kama ridhaa ya kijiji kizima! Na baada ya hapo, aghalabu, hakuna karatasi nyingine inayozungushwa tena.

Taarifa yenyewe huwa na kurasa mamia, nazo ni za Kiingereza. Kanuni za 2005 zilitambua tatizo hilo, ndiyo maana zikaagiza uwepo muhtasari wa Kiswahili usio wa kitaalamu. Ni jambo jema. Lakini moyo wa taarifa haumo katika muhtasari. Umo katika sehemu iitwayo mpango wa usimamizi wa mazingira, ambamo mwenye mradi anaandika ahadi zake moja moja: barabara ya vumbi itamwagiwa maji mara ngapi kwa siku, baruti italipuliwa saa ngapi, ni kisima kipi kitakachopimwa na kila baada ya muda gani, ni nani atakayefukia mashimo na kwa fedha za fungu gani. Hizo ndizo kurasa ambazo kijiji hakizioni. Mtu atadaije ahadi asiyoijua?

Tena tuangalie jinsi ufuatiliaji unavyofanyika baada ya hapo. Kwa sehemu kubwa mwenye mradi hujipima mwenyewe. Yeye humlipa mtaalamu, yeye huchagua mahali pa kuchota maji, yeye huandika taarifa na kuituma kwenye mamlaka ya mazingira. Ni kweli kwamba wapo wakaguzi wa Serikali, na wengi wao ni watu waadilifu, lakini wanatoka mbali na miradi ni mingi. Hakuna mwalimu anayemwachia mwanafunzi kalamu nyekundu asahihishe mtihani wake mwenyewe, halafu akaridhika kusomewa alama. Katika jambo linalogusa maji ya kunywa ya watoto tumeukubali utaratibu huo kana kwamba ni wa kawaida.

Mfano ulio wazi kuliko yote tunao hapa hapa nchini, mkoani Mara. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, ulianza uzalishaji mwaka 2002. Kando yake hupita mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika mto Mara, nao Mara huingia Ziwa Victoria. Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka eneo la mgodi na kuingia Tigithe. Wanavijiji walisema kwamba watu waliugua na mifugo ikafa. Mgodi ulisema utando wa plastiki uliozuia maji hayo ulikuwa umeibwa, na ukakana kwamba kuna watu waliodhurika. Maneno ya huku na maneno ya huko yakabaki yakitazamana.

Ikapita miaka kumi. Mei 2019 Serikali ikautoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi, na Julai mwaka huo huo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira likaamuru bwawa lake la tope sumu lisitumike mpaka lirekebishwe. Sisemi kwamba katika miaka ile kumi hakuna aliyepima. Mgodi ulipima. Serikali ilipima. Wataalamu wa vyuo vikuu walikuja, wakachota maji na udongo, wakapima. Kila mmoja aliondoka na chupa zake. Waliobaki pale pale, wakiteka maji kila asubuhi na kuona rangi yake, hawakuwa na hata daftari moja lenye kutambuliwa na yeyote.

Madhara ya kukosa daftari hilo yalionekana Machi 2022. Safari hii yalikuwa maji ya mto Mara, sehemu za chini kuelekea ziwani. Yaligeuka meusi, yakanuka, samaki wakaelea wamekufa. Serikali iliunda kamati ya wataalamu, nayo baada ya muda mfupi ikatoa majibu: chanzo si sumu ya mgodi, bali ni kinyesi na mkojo wa mifugo vilivyolundikana katika ardhi oevu, pamoja na mimea iliyooza, vikasombwa na maji na kuiondoa hewa ya oksijeni mtoni. Nchi nzima ikacheka. Wengine wakakasirika. Bungeni, vijiweni na sokoni ikawa mzaha: ng'ombe wamesingiziwa!

Mimi si mkemia, wala sina sababu ya kusema kwamba kamati ilikosea. Kinyume chake, yapo mambo yanayoweza kuiunga mkono. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya kazi yao katika mto huo huo, upande wa Kenya, wakionyesha kwamba kinyesi cha viboko kilichotuama kwenye vidimbwi, kikisombwa na mafuriko, kinaweza kupunguza oksijeni kiasi cha kuua samaki. Kwa hiyo si kichekesho hata kidogo kusema kwamba samadi yaweza kuua samaki. Huenda wataalamu wetu walisema kweli tupu. Lakini ni nani angewaamini? Watu walioambiwa kwa miaka mingi wasubiri majibu ya maabara, wakayasubiri, wakapewa vipande vipande au wasipewe kabisa, hawawezi kuamshwa siku moja na kuambiwa waamini kwa sababu tu msemaji amevaa tai. Lau vijiji vya bonde la Mara vingekuwa na vipimo vyao vya kila mwezi, vilivyochukuliwa pamoja na mgodi na pamoja na Serikali, mwananchi wa kawaida angefungua daftari akaona mwenyewe kama kuna chumvi za metali zilizoongezeka au la. Kama ni samadi, angesema ni samadi. Kama ni mgodi, angesema ni mgodi.

Hapa ndipo ninapowashangaa wakubwa wa miradi wanaoogopa macho ya wananchi. Ufuatiliaji wa pamoja unamlinda pia asiye na hatia. Kampuni inayotimiza ahadi zake ingepaswa kuwa ya kwanza kuwaita wanakijiji waje na chupa zao.

Jirani zetu wa Mombasa wana somo jingine, chungu zaidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi. Kilianza kazi mwaka 2007. Moshi na maji yake viliingia katika nyumba za watu, na sumu ya risasi ikaonekana katika damu yao. Aliyepiga kelele hakuwa mkaguzi. Alikuwa mama aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo, Bi. Phyllis Omido, ambaye mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman kwa kazi hiyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Na miongoni mwa walioamriwa kulipa ni mamlaka ya mazingira yenyewe, iliyopaswa kutazama. Hesabuni wenyewe: kutoka 2007 hadi 2024 ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipowashwa alikuwa amekaribia utu uzima siku hukumu ya mwisho iliposomwa.

Sasa tuwasikilize wanaotupinga, kwa maana wapo, na baadhi yao tunasali nao kanisa moja.

Husemwa kwanza kwamba wananchi hawana elimu ya kupima mazingira. Hoja hii ni dhaifu kuliko inavyosikika. Hatudai bibi wa Nyamongo asome kiwango cha zebaki kwa macho. Maabara ipo, Mkemia Mkuu wa Serikali yupo. Tunadai bibi huyo aandikiwe katika kumbukumbu kwamba tarehe fulani, saa fulani, aliona povu mtoni, na kwamba chupa iliyopelekwa maabara ilijazwa mbele yake. Mkulima anayetambua mvua za vuli kwa harufu ya upepo, na mvuvi anayejua samaki wamehamia wapi kwa kutazama ndege, ati hawawezi kuambiwa watazame mto wao? Maarifa ya kupima kwa mashine yanahitaji shule. Maarifa ya kujua kwamba jana maji hayakuwa hivi yanahitaji kukaa pale, basi.

Husemwa pili kwamba tutawafukuza wawekezaji. Mwekezaji aliyekuja kwa ahadi zilizoandikwa na kutiwa muhuri hafukuzwi kwa kukumbushwa ahadi hizo. Akiondoka kwa sababu hiyo, na aende salama.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi, nami sitaipita haraka. Husemwa kwamba wananchi wenyewe si waaminifu: wanategesha. Waliokaa karibu na migodi wanalijua neno hilo. Mtu anasikia uwanja utachukuliwa, usiku anapanda miti na kusimamisha vibanda ili alipwe fidia asiyostahili. Ni kweli, linatendeka, ni udanganyifu na ni dhambi, na haiwi halali kwa kuwa anayedanganywa ni tajiri. Basi anayeweza kutegesha nyumba ataweza pia kutegesha chupa ya maji. Ndiyo maana hatuombi kijiji kiachiwe kupima peke yake, kama vile tunavyokataa kampuni iachiwe kupima peke yake. Sampuli moja igawanywe katika chupa tatu, mahali pale pale, kwa saa ile ile, mbele ya wote: moja ya mradi, moja ya Serikali, na moja ifungwe kwa lakiri na kutunzwa na kijiji mpaka majibu yatoke. Mwongo yeyote, awe wa upande wowote, atapata taabu.

Mwisho husemwa kwamba Kanisa lishughulike na roho za watu, liache mambo ya migodi. Wenye kusema hivyo wanasahau kwamba mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo na BAKWATA walitoa kwa pamoja ripoti juu ya faida ambayo Taifa linapata kutokana na dhahabu yake. Hakuna msikiti wala kanisa lililobomoka kwa sababu hiyo. Zaidi ya hayo, Papa Fransisko katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, namba 183, aliligusa jambo letu hili hasa. Alifundisha kwamba katika tathmini za athari wenyeji wa mahali wana nafasi ya pekee, na kwamba ushiriki wao usiishie kwenye maamuzi ya mwanzo, bali uendelee katika hatua zinazofuata na katika ufuatiliaji usiokoma. Nalo fundisho la kale la kijamii juu ya auni, lililowekwa wazi na Papa Pio XI mwaka 1931, linasema lile linaloweza kufanywa na jumuiya ndogo lisinyang'anywe na kupewa iliyo kubwa. Kutazama mto wa kijiji ni kazi inayowezwa na kijiji.

Someni tena habari za Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Tumezoea kuikumbuka kama habari ya tamaa ya mfalme Ahabu. Mimi nawaomba muitazame upya kama habari ya makaratasi. Yezebeli hakutuma askari walichukue shamba la mizabibu. Aliandika barua, akazipiga muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji. Wazee wakaitisha mkutano. Nabothi mwenyewe wakamketisha mbele ya watu, mahali pa heshima! Utaratibu wote ulifuatwa. Muhuri ulikuwepo, viongozi wa mtaa walikuwepo, mashahidi walikuwepo, na aliyehusika alishirikishwa. Shamba likachukuliwa, na mwenyewe akapigwa mawe.

Wazee wale wa Yezreeli wananihuzunisha kuliko Yezebeli, kwa kuwa Nabothi walikuwa jirani yake. Nasi tunao wenyeviti na watendaji wa vijiji, baadhi yao wakiwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wa kamati za parokia, ambao barua ya malalamiko ikiwafikia hukaa nayo mezani mpaka wajue kama mradi utawapa zabuni ya kokoto au ya chakula cha vibarua. Hao tunawaambia waziwazi: uwakili wenu una siku ya hesabu, na atakayeidai si Mkuu wa Wilaya peke yake.

Na kwa kuwa haki huanzia nyumbani, dai hili lihusu pia taasisi za Kanisa. Tuna hospitali zenye tanuru za kuchomea taka, tuna shule zenye mashimo ya maji machafu, tuna mashamba yanayopuliziwa dawa. Majirani wa taasisi hizo wana haki ya kuuliza maswali yale yale, na padre au sista atakayewajibu kwamba hayo hayawahusu atakuwa ametunyang'anya sisi sote ulimi wa kuiuliza kampuni.

Sheria haikuufunga mlango. Sheria ile ya 2004 inampa raia haki ya kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa mamlaka, na haki ya kwenda mahakamani kuyatetea mazingira. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaongeza nguvu. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mtu mzima ni mjumbe wake, unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Kinachokosekana ni watu waliojipanga. Jumuiya ndogo ndogo zetu hukutana kila wiki, zinajuana nyumba kwa nyumba, na zina makatibu wanaojua kuandika. Kila jumuiya iliyo jirani na mradi ifungue daftari. Yaandikwe mambo yaliyoonekana tu: tarehe, saa, mahali, rangi, harufu, samaki au ng'ombe aliyekufa, jina la aliyeona na la shahidi mwingine. Yasiandikwe makisio ya chanzo, wala hasira. Waislamu, Walutheri na wasio na dini wanaokunywa maji hayo hayo waitwe waandike pamoja nasi, kwa kuwa mto haubagui madhehebu. Na daftari lianze leo, kabla jambo baya halijatokea, maana pasipo kumbukumbu ya hali ya mwanzo hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba hali imebadilika.

Kisha, katika mkutano wa kijiji unaofuata, mjumbe mmoja wa kila jumuiya asimame kwa adabu na kuomba mambo matatu yaandikwe katika muhtasari wa kikao: nakala ya mpango wa usimamizi wa mazingira wa mradi, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji, taarifa ya mwisho ambayo mwenye mradi aliituma kwenye mamlaka ya mazingira, na tarehe ya kuchota sampuli ijayo, ili wanakijiji wawepo na chupa yao. Mwenyekiti akisema hana karatasi hizo, nalo liandikwe, pamoja na siku aliyoahidi kuzileta.

Tume ya Haki na Amani ya parokia ipewe nakala ya muhtasari huo.